Pikipiki ndogo ya kwendea kazini kwa mtu wa futi 6 na inchi 4: magoti yangu yanaomba msaada

Mlingoti wa Chanika:

Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana hapa nilipo nimekaa na barafu juu ya goti.

Mimi ni mrefu, futi 6 na inchi 4, kama sentimita 193 hivi, kilo 88. Nakaa Chanika, kibarua changu kiko Kariakoo. Daladala nimezichoka. Natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku, na ndani ya Coaster siti za nyuma magoti hayaingii kabisa kwa hiyo nasimama, nikisimama nako shingo inalala begani kwa sababu ya paa, yaani nashuka Kariakoo nimekunjwa kama mwavuli. Nikasema basi, ninunue pikipiki nipumzike.

Wiki mbili zilizopita shemeji akaniazima ya kwake nijaribu, cc 100 ya kawaida hizi za vijiweni (jina naliacha, sitaki vita ya mashabiki humu). Kufika Gongo la Mboto magoti yamewaka moto. Nikitaka kugeuza sehemu nyembamba usukani unanigonga goti, mara mbili nusura nilale nayo chini mbele za watu. Vijana wa kijiwe cha Pugu wameshanipa jina, wananiita Panzi, kwa jinsi magoti yanavyochomoza pembeni. Nimekubali, panzi mwenyewe nimemuona kwenye kioo cha duka.

Ninachotaka: kilomita kama 30 kwenda na 30 kurudi, lami sehemu kubwa ila mtaani kwangu kuna kilomita mbili za vumbi ambazo masika ni tope tupu. Wese lisinitoe roho. Spea zipatikane. Mara mojamoja nitampakia mama watoto. Sio ya biashara. Bajeti milioni 4 kila kitu humohumo, bima, helmeti na mengineyo.

Nilikuwa nawaza Boxer 150 au TVS HLX 150, ila jamaa mmoja kazini anasema kwa urefu wangu nitafute zile za mabwana shamba, Honda XL au Yamaha DT. Naombeni ushauri hasa warefu wenzangu, wafupi mnakaribishwa kucheka.

Kijiwe Nongwa:

Futi 6 na inchi 4 kwenye cc 100? Mkuu hapo wewe ndio ulitakiwa kuibeba hiyo pikipiki.

Sungura wa Mbagala:

Chukua Boxer uzi ufungwe. Spea zake hata kwa Mangi zipo.

Ben 10:

boxer ni sahihi, ukishanunua unaweka shokapu ndefu za nyuma inanyanyuka, fundi dakika 20 tu umemaliza unakuwa juu kama uko kwenye DT, mi rafiki yangu kafanya hivyo na anapiga mzigo kila siku

Fundi Spana:

Samahani Ben 10 sikupingi kwa ubaya, ila shokapu ndefu hazimsaidii huyu ndugu hata kidogo. Watu wengi wanakosea hapa na wanapoteza hela, ngoja nieleze taratibu.

Mmeshawahi kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi? Magoti yako kifuani. Sasa ichukue mbuzi uiweke juu ya baraza, ukae, na miguu yako nayo iwe juu ya barazani hapohapo. Umepanda juu, jirani wote wanakuona, lakini magoti yako wapi? Palepale kifuani. Shokapu ndefu ndio hivyo. Siti inapanda, na pedeli za kukanyagia zinapanda pamoja nayo kwa sababu zote zimefungwa kwenye fremu moja. Goti halijui kama umepanda. Juu ya hapo, ukinyanyua nyuma peke yake usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na stendi inakuwa fupi, ukiiegesha inalala upande kama mlevi.

Kwa hiyo habari ya siti iko juu kiasi gani kutoka chini ni swali la mtu mfupi, yeye ndiye anaogopa asifike chini. Mtu mrefu chini anafika tu. Wewe kuna mahali patatu pa kuangalia. Kutoka unapokalia hadi kwenye pedeli, hapo ndipo goti linapokunjwa. Kutoka unapokalia hadi kwenye usukani, hapo ndipo mgongo unapopinda. Na goti likiwa mahali pake, kata usukani hadi mwisho kulia kisha kushoto, uone kama unagusa. Huo mguso uliokupata ukigeuza sio kitu cha kuzoea, ni ajali inasubiri siku yake.

Ukienda dukani usikae ukiwa umeegemeza mguu mmoja chini halafu ukasema iko poa. Mwambie muuzaji au mwenzako aishike pikipiki wima, wewe uweke miguu yote miwili kwenye pedeli, ukae dakika tano nzima, ongea na simu kabisa. Dakika ya kwanza kila pikipiki ni tamu.

Kijiwe Nongwa:

Mbuzi ya nazi hahahaha. Fundi umeua.

Ben 10:

nimekuelewa fundi. kumbe ndio maana jamaa bado analalamika kiuno

Da Rehema Dom:

Naingia kama mrefu mwenzako. Mimi ni mwanamke, futi 6 kamili, niko Dodoma, natumia Yamaha YBR 125 kwenda kazini mwaka wa nne huu. Dada wa futi 6 akipanda pikipiki ndogo watu wanasimama kuangalia mkutano, kwa hiyo nayajua machungu yako kaka.

YBR kwenye karatasi siti yake iko sentimita 78 kutoka chini, ya kawaida tu, haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ila nilichofanya nilinyanyua siti yenyewe na sio pikipiki. Nilienda kwa fundi makava, hawa wanaoshona siti za magari na masofa, akavua kava la siti, akaongeza sponji inchi 2, akashona kava jipya. Alinichaji elfu 40. Inchi 2 unaweza kuona ni kitu kidogo, ila ni sentimita 5 zote zinaingia kwenye goti, pedeli zimebaki kulekule chini siti imepanda peke yake. Tofauti nikaiona siku hiyohiyo narudi nyumbani.

Angalizo, mara ya kwanza nilienda kwa mtu mwingine akaniwekea sponji laini ya godoro. Dukani ukikaa unasikia raha, baada ya wiki mbili imelala, umekaa tena pale ulipokuwa mwanzo na hela imeliwa. Sema unataka sponji ngumu, ile ukiibonyeza kwa dole gumba haizami kirahisi. Na mwambie mbele karibu na tenki aibane iwe nyembamba, akiiacha pana inakupanua mapaja na unaanza kuumwa nyonga badala ya magoti.

Fundi Spana:

Dada Rehema umeongea kitaalam. Naongezea moja. Ukipandisha siti inchi 2, usukani kwa upande wako umeshuka inchi 2, sijui mnanielewa. Goti linapona mgongo unaanza. Kwa hiyo siti na usukani viende pamoja, kuna usukani mrefu wa mapembe unauzwa Gerezani, au vile vipande vya kunyanyulia vinavyokaa chini yake. Lakini ukishabadilisha, kabla hujatoka gereji, washa injini, kata usukani mwisho wa kulia, mwisho wa kushoto. Kama mlio wa injini unapanda wenyewe ujue waya wa mafuta ni mfupi unavutwa. Uko kwenye kona na pikipiki inakimbia yenyewe, hiyo sitaki kuielezea. Angalia na waya wa klachi, na kama ni breki ya disiki mbele angalia ule mpira wa breki haujakaza.

Bwana Shamba Mstaafu:

Vijana hamjambo. Nimesoma jina langu huko juu nikaona niingie.

Nimefanya kazi ya ugani miaka 27, Njombe na baadaye Sumbawanga, na hizo DT 125 na XL 125 mnazozitaja ndizo zilizonizeesha. Nina futi 6 na inchi 2. Huyo jamaa wa kazini kwako hakukosea. Zile zilitengenezwa mtu aendeshe akiwa amekaa na akiwa amesimama pia, njia ikiwa mbaya unasimama kwenye pedeli unaiacha ichezecheze yenyewe chini yako, kwa hiyo pedeli ziko mbali na siti na usukani ni mpana umeinuka. Mtu mrefu anakaa kama yuko kwenye kiti cha kulia chakula. Tairi la mbele la DT ni inchi 21, shimo la barabara ya Kariakoo kwake ni mchezo.

Sasa ubaya wake. DT ni tu-stroki, yaani injini inachoma oili pamoja na petroli, ina tenki lake la oili pembeni na ukisahau kujaza injini inakufa, sio inaumwa, inakufa. Mafuta inakunywa kuliko hizi za kisasa na moshi wa bluu unawafukiza walio nyuma yako kwenye foleni. XL ni foo-stroki, ile haina shida hiyo, lakini zilizobaki sokoni nyingi ni za minadani, zimetumika na watu sita tofauti na hakuna aliyeipenda, maana mali ya ofisi haina mwenyewe. Ukienda mnadani nenda na fundi, na usilipe hata shilingi kabla hujaona kadi na namba ya fremu vinalingana. Mimi kuna moja niliipenda sana, fremu ilikuwa imefutwa namba kwa tindo. Nikarudisha mikono mfukoni.

Mlingoti wa Chanika:

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana, hiyo ya kiti cha kulia chakula imenigusa.

Dada Rehema nitakutafuta kwa ajili ya huyo fundi makava au nitafute wa huku Dar mwenyewe kwa kigezo cha dole gumba.

Fundi swali, mimi navaa kiatu namba 46. Ile ya shemeji ina lile dude la gia la kukanyaga mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, kiatu changu kinabanwa katikati hapo, nikitaka kutoa mguu haraka haujitoi. Ni kawaida?

Bwana Shamba Mstaafu:

Marahaba.

Fundi Spana:

Ni kawaida kwa mwenye kiatu cha hivyo. Hizo gia za vidole na kisigino zinafungwa kwenye pikipiki nyingi za kazi, Boxer ikiwemo na TVS, ni nzuri kwa mtu aliyevaa ndala au kiatu kizuri asichotaka kichubuke juu. Kwa 46 nafasi haitoshi. Fungua boti moja, gia inakaa kwenye meno, ivue isogeze jino moja juu uirudishe. Ikishindikana wanauza ya upande mmoja tu, ya mbele, unabadilisha. Breki ya mguu wa kulia nayo ina nati ya kurekebisha urefu, usiiache juu sana ukawa unaendesha umenyanyua unyayo kilomita 30.

Mzee wa Kimara:

Jamani mnamtisha mtoa mada. Mimi futi 6 na 2, Boxer 150 mwaka wa tano, Kimara Posta kila siku sijawahi kuongeza sponji wala kubadili usukani. Siri ni siti, hizi Boxer na HLX zina siti ndefu iliyonyooka kwa sababu zimetengenezewa abiria, ukiwa peke yako unarudi nyuma kabisa unakaa pale anapokaa abiria nusu, goti linafunguka. Zile pikipiki za vijana zenye siti yenye kigongo katikati ndizo za kuogopa, kigongo kinakuzuia unabaki umebanwa na tenki. Na barabara ikinyooka mimi naweka miguu kwenye pedeli za abiria napumzisha magoti.

Fundi Spana:

Mzee hiyo ya kurudi nyuma kwenye siti naikubali asilimia mia, na habari ya kigongo ni kweli tupu. Ila hiyo ya miguu kwenye pedeli za abiria acha, kaka yangu. Breki ya nyuma umeiacha mbele, gia umeiacha mbele, akikuchomokea bajaji pale Kimara Bucha utashika nini?

Mzee wa Kimara:

Breki ya mkono ipo

Fundi Spana:

Haya.

Kijiwe Nongwa:

"Haya" ya fundi imebeba msiba mzima.

Nduthi wa Eldoret:

Niaje majirani, niko Kenya na mimi ni mrefu pia, sita na tatu. Huku nduthi, yaani pikipiki, nyingi ni Boxer na TVS kama kwenu. Mimi nilikuwa na Boxer nikauza nikachukua Honda XR 150L, hiyo kitu ni kama ilipimwa na fundi wa suti. Siti iko kama sentimita 82 na nusu, tairi ya mbele 19 ya nyuma 17, breki ya mbele disiki, injini ni kabureta ya kawaida inapozwa na hewa hakuna mambo mingi, makanika yeyote anaifungua. Ni pole pole kwa highway lakini kwa kazi ya kila siku sijaona ingine. Shida ni bei, mpya ni pesa mob. Ingine nilijaribu ni Yamaha XTZ 125, hiyo iko juu zaidi, 84, na tairi ya mbele ni 21, lakini kwa mtu ako na kilo zako na mama nyuma 125 inaanza kulia kwa mlima.

Fundi Spana:

Hapo kwenye namba za XR na XTZ naomba niweke alama ya tahadhari, nisije nikasikia mtu kanunua kwa kusoma karatasi. Hizo zimenyanyuliwa tumbo lipite juu ya mawe. Ile XR chini ya injini kuna kama sentimita 24 za hewa. Kwa hiyo ukisoma 82 na nusu usifikiri zote zimeenda kwenye goti, sehemu kubwa imeenda kwa mawe. Bado goti linapata nafasi nzuri kuliko pikipiki ya kawaida, nakubali, ila ndio maana nasema kapime kwa kukaa. Suzuki GN 125 kwa mfano siti iko chini kabisa, mfupi anaipenda, ila pedeli ziko mbele kidogo na usukani umeinuka, kuna warefu wanaikaa vizuri kuliko unavyodhani. Karatasi haina magoti.

Chui Mweusi:

Mimi nilifuata njia nyingine, nilishusha pedeli. Fundi mmoja wa kuchomelea mtaani akakata zile za zamani akachomelea chini zaidi sentimita 5. Wiki ya kwanza nikawa mfalme, magoti yamenyooka. Wiki ya pili nimebeba kreti mbili za soda nashuka kwenye tuta, pedeli ya kushoto ikagonga tuta ikarudi nyuma na mguu wangu ukiwa juu yake. Kifundo cha mguu kilivimba kama embe dodo. Na kwenye kona ukilala kidogo unasikia kwaaa, cheche. Ushauri wangu ongezeni juu msipunguze chini.

Sungura wa Mbagala:

Pole sana mkuu. Embe dodo sio mchezo.

Mlingoti wa Chanika:

Mrejesho wa kwanza wakuu.

Jumamosi nimezunguka Kariakoo na futi ya fundi cherehani mfukoni, kabla ya kutoka nyumbani nilijipima kutoka goti hadi unyayo nikiwa na kiatu, sentimita 60. Duka la kwanza muuzaji aliniambia kaa tu bosi magoti yatazoea. Nikamwambia yana miaka 34 hayajazoea chochote. Nikamwomba anishikie pikipiki dakika tano akanishikia dakika moja simu ikaita akaondoka, nikabaki nimesawazisha mwenyewe kama mtu wa sarakasi.

Nimekaa kwenye Boxer na HLX, tofauti yake kwangu ni ndogo sana, vidole viwili tu, zote mbili nikikaa kawaida goti linapita juu ya tenki, nikirudi nyuma kama alivyosema Mzee wa Kimara nafuu inaonekana kabisa ila mikono inanyooka nabaki nimening'inia kwenye usukani. Kitu kingine ambacho hakikutajwa humu, moja walikuwa wameshaifunga bampa la mbele la chuma, lile vijana wanalopenda, na ugoko wangu ulikuwa unalala juu yake. Nikamuomba alitoe nijaribu tena, nafasi ikaongezeka. Kwa hiyo warefu, bampa likaguliwe.

Halafu nikakaa kwenye XR. Wakuu. Sina la kusema. Nilikaa mle dakika kumi na tano bila sababu, muuzaji akaniuliza kama nataka chai. Bei yake nilipoiuliza ndio nikashuka. Mpya imeipita bajeti yangu ikaiacha mbali. Ila kuna dereva ofisini anajua mtu anauza iliyotumika, kadi ipo, anataka milioni 4 na laki 3, naona naweza kubembeleza.

Nduthi wa Eldoret:

Si nilikuambia! Chukua hiyo buda.

Da Rehema Dom:

Kaka kabla hujalipa, mama watoto ana urefu gani?

Mlingoti wa Chanika:

Futi 5 kasoro kidogo. Kwa nini?

Da Rehema Dom:

Mpeleke akajaribu kupanda. Akiwa amevaa kama anavyovaa siku zote, sio suruali ya kuazima.

Kijiwe Nongwa:

Hapa nimevuta kigoda.

Mlingoti wa Chanika:

Dada Rehema wewe ni mganga au nini.

Jana jioni nimempeleka mama watoto kuiona XR ya yule bwana. Kavaa dera na mtandio anatoka kwenye kikoba. Kaizunguka mara mbili. Akaniuliza ngazi iko wapi. Nikamwambia kanyaga pedeli unishike bega ujirushe, kakanyaga, mimi nimeishika, dera likanasa kwenye shokapu, tukakaa hapo mtaa mzima unaangalia, mwenye pikipiki anaangalia pembeni kwa adabu. Mwisho alipanda akiwa amesaidiwa na mtoto wa jirani. Kushuka ndio ikawa kesi nyingine. Kaniambia kwa upole kabisa, baba Twaha, nunua unayoipenda, mimi nitakuwa natembea kwa daladala. Ndugu zangu mlioko kwenye ndoa mnajua hiyo sentensi maana yake nini.

XR nimeiaga.

Bwana Shamba Mstaafu:

Mke wangu alipanda XL mara moja tu, mwaka ule tunahamia Sumbawanga. Hakurudia.

Fundi Spana:

Basi chukua pikipiki ya kawaida tuitengeneze iwe yako. Siti tunainyanyua upande wako tu, upande wa mama tunauacha kama ulivyotoka kiwandani, yeye anapanda palepale chini kama kawaida. Sponji ianze nyuma kidogo ya tenki na iende hadi pale makalio yako yanapoishia ukiwa umesogea nyuma, usikubali waikate fupi, wakiikata fupi wamekutengenezea kigongo tulichokuwa tunakikimbia. Inchi 2 na nusu kwako zinafaa, ukizidisha hapo unaanza kukaa juu ya pikipiki badala ya kukaa ndani yake, upepo wa Nyerere Road ukikupiga ubavuni utaujua. Usukani wa mapembe, bampa toa, gia ya upande mmoja. Na ukimpakia mama kaza springi za shokapu za nyuma, zina vijino pale chini, kilo zako 88 na yeye siti mpya au siti ya zamani nyuma italala tu na taa ya mbele itamulika ndege.

Injini chukua 150 sio 125. 125 inatosha mtu mmoja, ila mtu mrefu ni tanga la jahazi, kifua kizima kinakamata upepo, injini ndogo inakesha imekamuliwa na wese unaloliogopa litaongezeka.

Mlingoti wa Chanika:

Mrejesho wa pili, mwezi na siku chache umepita, samahani kwa ukimya kulikuwa na msiba.

Nilichukua Boxer 150 mpya. Kwa nini hiyo na sio HLX, kusema ukweli kwa goti zilikuwa zinalingana, nimeangalia tu kwamba mafundi watatu wa mtaani kwangu Chanika wote wana spea zake mezani. Siti nimefanya kwa fundi makava wa Ilala, nilimwendea na dole gumba langu, sponji mbili za kwanza nilizikataa akanuna, ya tatu tukaelewana. Inchi 2 na nusu mbele, nyuma haijaguswa. Usukani wa mapembe nilipata Gerezani, na fundi aliyenifungia alikuwa ameshasema tayari kaka nenda, nikakumbuka maneno humu nikawasha nikakata kulia, injini ikapiga kelele yenyewe. Waya ulikuwa umepita juu ya shingo ya fremu badala ya pembeni. Akaupitisha upya dakika kumi. Fundi Spana Mungu akupe maisha.

Sasa matokeo. Goti halipiti tena juu ya tenki, nikigeuza usukani unapita bila kunigusa kuna nafasi ya kama ngumi. Chanika hadi Kariakoo saa moja na dakika kidogo, ikiwa foleni kali pale Tazara naongeza robo saa. Kilomita 60 kwa siku magoti kimya kabisa, kiuno kiliuma wiki ya kwanza kikaacha, nadhani ni mwili unajifunza kukaa wima tena baada ya miaka ya Coaster. Mama watoto amepanda mara nne, lalamiko lake ni moja, kwamba mbele yake anaona mgongo wangu tu kama anaangalia ukuta. Sina dawa ya hilo.

Ubaya upo pia nisiwadanganye. Ukinyooka na kukaa juu, kichwa kinafika kule ambako vijana wa kawaida hawafiki. Juzi napenya katikati ya magari pale Vingunguti helmeti ikagonga kioo cha pembeni cha Coaster, ko! Konda akatoa kichwa akaniuliza kama nataka kupanda. Tangu siku hiyo napenya upande mmoja tu na nikiona Coaster mbili nakaa nyuma nasubiri. Halafu helmeti yenyewe, ile ya dukani iliyokuja na pikipiki ilikaa juu ya kichwa kama kifuniko cha sufuria, nikatafuta saizi kubwa kwa siku tatu. Ile milioni 4 niliyoipanga ilitosha, ikabaki elfu kumi na mbili.

Fundi Spana:

Safi sana. Springi ya nyuma uliikaza?

Mlingoti wa Chanika:

Jino la tatu nikiwa peke yangu, la nne nikiwa na ukuta wangu nyuma. Maana na mimi ni ukuta wake.

Mzee wa Kimara:

Hongera mkuu. Pedeli za abiria je, umezijaribu?

Fundi Spana:

Mzee.

Da Rehema Dom:

Leta picha ya siti, nataka kuona ushonaji.

Kitimbi wa Tanga:

Wakuu samahani kwa kuchelewa kuingia, nimesoma uzi wote. Mimi nina futi 4 na inchi 11, kuna jamaa ananiuzia DT 125 bei ya kutupa, nikikaa miguu yote inaning'inia. Naweza kupunguza sponji nikafika chini?

Fundi Spana:

Fungua uzi wako ndugu yangu. Nakuja.

Kijiwe Nongwa:

Kigoda nakihamisha.